Nailoni ya Rangi Tatu

Watu wa Mlalo wakitaka kunikasirisha huniuliza kama bado ninayo ile nailoni. Ninayo. Iko chini ya meza yangu ya kazi, imefungwa kwenye gazeti, na mwenye haja ya kucheka aje aifunue achekee hapa mbele yangu, asichekee njiani. Ila akishamaliza kucheka akae chini nimweleze habari za Efrazia. Wengi wanaijua nailoni lakini Efrazia mwenyewe hawamjui. Wanamwona akipita na tenga la kabichi kichwani, wanadhani ni mama kama mama wengine.

Mimi ni Jafari, fundi redio. Sikiliza vizuri, nimesema redio. Redio nilijifunza Tanga miaka minne, chini ya mzee mmoja aliyekuwa akinipiga vidole kwa rula nikikosea waya. Televisheni hakunifundisha mtu. Mpaka mwaka wa tisini na mbili nilikuwa nimefungua mbili tu maishani mwangu, na hiyo ya pili ilinirusha mpaka ukutani. Nayo ilikuwa imechomolewa kwenye umeme tangu asubuhi! Kumbe ile chupa ya picha hutunza umeme tumboni hata ikizimwa. Tangu siku ile nikiona mgongo wa televisheni viganja hunitoka jasho, lakini sikumwambia mtu. Fundi akisema anaogopa, nani atamletea kazi?

Zilikuwa enzi za ruksa. Kila kitu kilichokuwa kikipatikana kwa magendo kikaanza kupanda mlima mchana kweupe: sabuni za kunukia, saa za kubonyeza, na deki za video. Huku bara hatukuwa hata na kituo kimoja cha televisheni, lakini televisheni zenyewe zilikuja, watu wakaziunganisha na deki wakatazama kanda. Hapa kwetu Salimu alifungua banda la video karibu na soko, na jenereta lake nyuma. Kitu kikikorofika aliniita, na mimi kwa ujinga wangu nikaitika.

Efrazia nilikuwa naye jirani. Nyumba yake iko juu ya yangu, kwenye mteremko ule wa misheni. Mwanamke mfupi, mkali, redio yake aliwahi kunirudishia mara tatu kwa sababu ilikuwa inakoroma kidogo wakati wa kwaya. Mumewe Alen ni mwashi, miezi mingi alikuwa Tanga akijenga nyumba za watu. Mtoto wao wa kwanza, Happiness, alizaliwa na moyo wenye tundu. Alikuwa na miaka tisa lakini ungempa sita. Akipanda kutoka mtoni alikaa chini mara nne, na midomo yake iligeuka bluu kama aliyenyonya kalamu ya wino.

Kila asubuhi, kabla ya uji, Efrazia alimsimamisha mlangoni penye mwanga. Nilikuwa nawasikia nikitawadha.

"Kucha!"

Mtoto ananyoosha vidole, mama anabonyeza kucha moja moja kuangalia kama damu inarudi.

"Midomo!"

Mtoto anabinua midomo.

"Ulimi!"

Hapo sasa. Nyumba nyingine mtoto akimtolea mama yake ulimi anachezea kofi, lakini pale ilikuwa amri, na Happiness aliitumia amri ile mpaka mwisho. Aliutoa mpaka kidevuni, na macho anayakodoa. Siku mbaya ulimi ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kula zambarau, na watoto wenzake wasio na huruma walimwita hivyo hivyo, Zambarau. Efrazia akiona rangi ile alimrudisha kitandani, halafu anakwenda shambani analima huku anageuka kila dakika kutazama mlango.

Babu yake Happiness, mzee Hezekia, ndiye aliyekuwa akikaa naye siku hizo. Mzee yule alikuwa na sauti nzito ya besi iliyoshikilia kwaya nzima ya kanisa, na kila asubuhi alipofika alimwamkia mjukuu wake kwa Kishambaa, polepole, akivuta maneno: "Onga mahundo..." Alifariki mwaka wa tisini. Kumbuka sauti hiyo, tutairudia.

Mwanzoni mwa tisini na mbili misheni ikampatia mtoto nafasi ya kupasuliwa Marekani. Efrazia alikuwa na kichanga cha mwezi mmoja, hakuweza kusafiri, kwa hiyo mtoto alipelekwa na muuguzi mgeni. Kabla hawajaondoka daktari alimwambia Efrazia, na mimi nilikuwapo maana nilibeba sanduku: "Mama, kazi ikifanikiwa, utajua kwa rangi. Kucha na midomo itarudi kuwa kama yako. Rangi isiporudi, basi tumefika mwisho, hakuna operesheni nyingine."

Utajua kwa rangi. Efrazia aliyachukua maneno yale kama yalivyo, akarudi nayo nyumbani.

Mwezi wa nne mvua ikaja ya kukomoa. Daraja likaondoka, udongo ukamwagika barabarani, simu ya misheni ikafa, na mchungaji akakwama Tanga alikokwenda mkutanoni. Katikati ya mkosi huo ikafika bahasha kutoka Marekani, imeletwa na mtu aliyetoka Lushoto kwa miguu. Ndani hamkuwa na barua. Mlikuwa na kanda ya video, na juu yake maneno ya Kiingereza ambayo mwalimu alitusomea: Happiness, siku ya nane.

Siku ya nane baada ya kupasuliwa. Basi, hakuna zaidi.

Efrazia alikuja kwangu na kanda mikononi, anaishika kama yai, mtoto mchanga mgongoni. "Fundi, mwanangu yumo humu," alisema. "Nitolee nimwone rangi."

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani. Habari zikatangulia, na tulipofika kwa Salimu mabenchi yote yalikuwa yamejaa, wengine wamesimama. Mimi nikatumbukiza kanda kwa kujidai, nikabonyeza, nikarudi nyuma nikafunga mikono kifuani kama bingwa.

Loo!

Kwanza zikaja chengachenga. Halafu picha ikatoka imepasuka, mistari inapita katikati, kipande cha shuka huku, kipande cha uso kule, na vyote vinakwenda polepole mno kama vitu vilivyo chini ya maji. Halafu ikaja sauti. Haikuwa sauti ya mtoto wa kike wa miaka tisa. Ilikuwa sauti nzito, imevutwa, inatoka mbali: "Onnnga... mahunnndo..."

Efrazia akasimama. "Baba," alisema.

Hakupiga kelele. Alisema tu "Baba," na benchi la mbele lote likaelewa kwa mara moja, maana hapakuwa na mtu pale asiyeijua besi ya mzee Hezekia. Wee! Watu walitoka mlangoni, wakatoka dirishani, benchi likavunjika. Salimu mwenyewe, mwenye banda, mwenye jenereta, alikimbia kuliko wote. Mimi sikukimbia, na usidhani ni ushujaa. Niliogopa mpaka nikasikia meno yangu yanagonga. Kilichonisogeza ni kwamba niliogopa kitu kingine zaidi: deki ile ilikuwa na tabia ya kula kanda, na ile ilikuwa moja tu duniani. Nikabonyeza ikasimama, nikaitoa, nzima.

"Amekuja kumchukua," Efrazia alisema. "Alimpenda sana, Jafari. Ameona anateseka, amemchukua, na sasa ananiambia kwa mdomo wake mwenyewe."

Nilisema mashine ni mbovu. Alinitazama kwa huruma.

Jioni haijaingia, akina mama wakaanza kupanda mteremko na unga na kuni, wakakaa uani kwa Efrazia wamejifunika khanga. Wamekuja matanga! Mtu hajafa, maiti hakuna, taarifa hakuna, watu wameshaanza kuinjika chungu. Efrazia alitoka na mwiko mkononi.

"Nani amekufa?" aliuliza. "Haya, semeni, nani amekufa hapa? Mtajeni!"

Wakabeba unga wao wakashuka. Mimi nilikuwa kwenye uzio wangu, nikamwona akirudi ndani, mwiko bado mkononi.

Kesho yake mchana nikaenda kwa Salimu peke yangu. Nikaigeuza deki, nikaipangusa vumbi, na kule nyuma nikaona swichi ndogo ambayo sikuwahi kuigusa. Upande mmoja imeandikwa P, A, L. Upande wa pili N, T, S, C. Nikaichukua kanda, nikaisoma karatasi yake tena. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: N, T, S, C. Mimi nilidhani ni jina la kiwanda! Nikaisukuma swichi ikahamia upande wa pili, nikatumbukiza kanda, nikafunga macho.

"Onga mahundo, mama!"

Sauti yake. Nyembamba, ya puani kidogo, Happiness mtupu. Kumbe kanda za huko hukimbia haraka kuliko zetu, na deki ilikuwa inaivuta kwa mwendo wa kwetu, ndiyo maana mtoto akawa babu. Nikazima palepale, nikatimua mbio kumwita mama yake.

Tulifunga mlango, tukaziba dirisha kwa gunia. Alipoisikia ile sauti alijiziba mdomo kwa mkono wote. Lakini picha ilikuwa inakimbia: miguu inapanda juu, inakuja kichwa, inakuja miguu tena, haitulii. Nilijua dawa yake. Nyuma ya televisheni kuna skrubu ya kuituliza picha, na skrubu hiyo iko ndani, karibu na ile chupa. Nikaweka mkono wa kushoto mfukoni, ndivyo alivyonifundisha yule mzee wa Tanga, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Nikasoma Bismillahi. Nikaingiza bisibisi. Jasho lilikuwa linanidondoka puani, na kila nikisikia mlio wa ile chupa naona ukuta ule ulionipokea. Nikazungusha kidogo, kidogo tena.

"Ametulia," Efrazia alisema.

Nikatoka nyuma kutazama. Alikuwa ametulia kweli, amekaa kitandani, nguo nyeupe, nywele zimesukwa na mtu asiyejua kusuka. Lakini hapakuwa na rangi. Yote kijivu, kuanzia ukuta mpaka uso wake. Halafu akanyanyua mikono yote miwili, akaileta mbele, karibu kabisa na kamera, vidole vimenyooka.

Kucha zilikuwa nyeusi. Si za kijivu, nyeusi tii.

"Zima," Efrazia alisema.

Nikazima. Kichanga kikawa kinalia na hakuna aliyekisikia.

"Televisheni ya Salimu si ni ya rangi?" aliniuliza.

"Ya rangi."

"Kanda za Kihindi zinatoka na rangi?"

"Zinatoka."

"Zote?"

"Zote, Mama Happy."

"Basi mashine haina kosa," alisema. "Rangi ya mtoto ndiyo haipo."

Ndiyo hasara ya kukubali jina lisilo lako. Mtu anakuuliza swali la kufa na kupona nawe unatazama waya. Akaniambia, "Zilikuwa bluu, Jafari. Siku mbaya zilikuwa bluu. Nyeusi hazijawahi." Akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akawa anapumua kama mtu aliyepanda mlima.

Sasa ndipo ninapoingia mimi na nailoni yangu. Salimu alipoanza biashara alikuwa na televisheni ya zamani isiyo na rangi, na kuna mjanja Tanga alimuuzia nailoni ya kubandika kwenye kioo: juu bluu, katikati wekundu fulani, chini kijani. Juu mbingu, katikati watu, chini majani. Watu walilipa kiingilio kutazama hiyo rangi! Nailoni ile ilikuwa bado imesimama kwenye kona, imekunjwa. Wallahi sikuwa na nia mbaya. Nilimwona anavyopumua, nikaogopa atanifia mikononi. Nikamwambia, "Nenda nje ukamnyonyeshe mtoto, mimi nitajaribu kitu." Akatoka. Nikaibandika kwenye kioo cha televisheni, nikazima taa ya ukutani asione kingo zake.

Aliporudi nikasema, "Nimetengeneza."

Nimesema uongo mwingi maishani, fundi gani hajasema redio iko tayari Jumatano? Lakini ule ndio ulionikaa.

Uso wa mtoto ulikuja katikati, palepale kwenye wekundu. Mashavu mekundu, midomo myekundu. Efrazia akatoa sauti ambayo sijui niiite kicheko au kilio. Akanishika bega. "Mungu akubariki, fundi," alisema. "Mungu akubariki na kizazi chako." Na mimi nikaitikia amina. Nikaitikia!

Halafu Happiness akanyanyua mikono.

Ikapanda. Ikatoka kwenye wekundu, ikaingia kwenye bluu, na vidole vyote kumi vikawa bluu mbele ya macho ya mama yake, bluu ile ile ya siku mbaya. Efrazia akaruka nyuma. Mtoto akainama kuchukua kitu kitandani, kichwa kikashuka chini, uso ukawa kijani kama maiti ya mtoni. Nilitamani ardhi ipasuke. Efrazia akasogea mpaka kwenye kioo, akapitisha kidole pembeni, akaupata ukingo, akaivuta nailoni yote ikatoka na gundi yake.

Akaitazama, akanitazama.

"Umempaka mwanangu rangi," alisema.

"Mama Happy, nilikuwa na..."

"Nyamaza." Akaikunja mara mbili, akanitupia kifuani. "Nimekaa miaka tisa nikitazama rangi ya mtoto huyu kila asubuhi, nikiogopa, lakini natazama. Wewe umenifumba macho kwa nailoni. Nani mwenye televisheni inayosema kweli? Nitajie mtu, si maneno."

Nikamtaja Mwanaidi wa Lushoto. Nilikuwa nimesikia ameleta televisheni za Dubai.

Alfajiri tukaondoka kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, kama askari na mfungwa wake. Kichanga mgongoni, kanda kifuani ndani ya blauzi, imezungushiwa khanga. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Penye daraja tulivuka kwenye gogo, na mto chini umebadilika rangi kuwa kahawia, unanguruma. Hakunigeukia hata mara moja. Mimi niliogopa gogo, niliogopa kanda kuloa, na nilichoogopa zaidi ni kufika. Kwa sababu hapa njiani mtoto alikuwa bado yuko katikati, hajapona na hajafa. Ng'ambo ya pili tukapata lori la kabichi, tukaingia Lushoto saa nane tumelowa.

"Shikamoo, mama," nilisema mlangoni.

"Marahaba. Jamani, mnatoka vitani?" Mwanaidi alikuwa mama wa makamo, mnene, duka lake nusu vitenge nusu televisheni. Nikamweleza yote, na nailoni nikaieleza pia, kwa kuwa Efrazia alikuwa ananitazama. Mwanaidi hakucheka. Aliichukua kanda, akasoma zile herufi mara moja tu.

"Bwana mgosi, wewe unajua Kizigua?" aliniuliza.

"Nasikia kidogo."

"Kwa sababu kinafanana na Kishambaa. Mengine unayapata, mengine yanakupita. Kanda hii inasema Kizigua, televisheni ya Salimu inasikia Kishambaa tu. Mtu imemwona, mikono imeiona, rangi haikuielewa, ikaiacha. Kosa si la mtoto, mama. Mimi mwenyewe safari yangu ya kwanza niliuziwa tano za namna hiyo, karibu nilie." Akapiga kiganja juu ya televisheni moja kubwa. "Hii inasikia zote."

Efrazia alikaa kwenye kigoda mbele yake. Mwanaidi akawasha. Mimi nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje.

Kwanza nikaona ukuta wa hospitali, ukawa manjano. Hapakuwa na nailoni yoyote. Halafu blanketi la kijani. Halafu mtoto, na kabla sijamwona vizuri uso, akanyanyua mikono yake akaileta mbele.

"Damu!" Efrazia alipiga kelele.

Kucha zote kumi zilikuwa nyekundu, nyekundu ya kuwaka.

"Si damu, mama, tulia," Mwanaidi alisema. "Rangi ya kucha hiyo. Wauguzi wamempamba. Nyekundu kwenye kijivu hutoka nyeusi, ndiyo mliyoiona."

Nikashusha pumzi. Nikataka hata kucheka. Lakini Efrazia hakushusha pumzi. Alikuwa amekaa wima, na uso wake ulikuwa mbaya kuliko jana.

"Basi wamezifunika," alisema polepole. "Kwa nini wazifunike? Mtu hufunika kitu kibaya. Jafari alifunika kwa nini?"

Ee Mungu wangu. Na mimi nikajua kwamba ana haki, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha jana kuwa watu wema hupaka rangi wanapoogopa kusema. Sikuweza kutazama tena. Nikajifanya naangalia waya, nikazunguka nikaenda nyuma ya televisheni, mimi Jafari ninayeogopa mgongo wa televisheni kuliko nyoka, nikachuchumaa pale nyuma kwenye joto lake na mlio wake. Sikuona kioo. Nilimwona Efrazia tu, na mwanga wa kioo ukimcheza usoni.

Juzi na jana hatukuwahi kufika mbele ya kucha. Kila mara tuliikatiza njiani. Mara hii hakusema zima.

"Kucha," ikatoka sauti ya Happiness, inaigiza ya mama yake, kali hivyo hivyo. Akatulia kidogo. "Midomo!"

Efrazia akasogea mbele kwenye kigoda.

"Ulimi!"

Nilimtazama Efrazia. Macho yake yalikwenda mahali fulani kwenye kioo yakasimama hapo. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama Happy," niliuliza kutoka kule nyuma, sauti yangu mwenyewe siijui. "Ni bluu?"

Alizidi kukaza macho kwenye kioo.

"Ni mwekundu?"

"Si mwekundu," alisema.

Nikashika ukingo wa meza, na mkono wangu ulikuwa karibu na waya na sikujali.

Halafu Efrazia akatoa wake. Pale dukani, mbele ya Mwanaidi, mwanamke wa kwaya, alitoa ulimi mpaka kidevuni, akainama akautazama kwenye kioo kidogo cha kupimia vitenge kilichotundikwa ukutani, kisha akaitazama televisheni, kisha kioo tena.

"Ni kama wangu," alisema. "Jafari, toka huko uje uone. Ni ulimi tu. Ulimi wa mtu."